Maji, jua au nguzo? Ulinganisho kwa kitongoji kinachotafuta umeme Nyanda za Juu Kusini

Mwishoni mwa Septemba nilipigiwa simu na mjomba wangu anayeishi milimani huko Njombe. "Kamwene, mjomba," akaanza, kisha bila kupoa akaingia kwenye ugomvi wa kamati. Kijiji chao kimeshapata umeme wa gridi, lakini nguzo ziliishia shuleni. Kitongoji chake kiko bondeni, kilomita kama tano mbele. Huko kuna kijito kinachoporomoka mwaka mzima, mashine ya kusaga ya dizeli, na vijana wanaotaka kuranda mbao. Wazee wanataka mtambo wa maji. Vijana wanataka sola. Mwenyekiti anasema tusubiri nguzo, zinakuja.

"Wewe ndiye uliyesomea mambo ya umeme. Sema moja tu, tuchange hela."

Sikusema moja, na sitasema hapa. Nimeona mtambo wa maji ukiwaka miaka na miaka katika kijiji kimoja, na wa kijiji jirani ukigeuka kibanda cha mbuzi. Chanzo kilikuwa kilekile. Waliotofautiana ni waliopima mto kabla ya kununua bomba na wale ambao hawakupima.

Vipimo ninavyotumia ni vitano, na vyanzo vyote vitatu, yaani gridi, maji na jua, nitavipitisha humo humo.

Cha kwanza nakiita mwezi mbaya. Kila chanzo kina mwezi wake wa aibu, na ukikipima katika mwezi wake mzuri utakuwa umejidanganya. Cha pili ni fedha, zile za kuanzia na zile za kila mwezi. Cha tatu ni mzigo: utawasha taa na kuchaji simu, au utazungusha mota? Cha nne ni matunzo, maana yake nani ataamka alfajiri mambo yakiharibika. Cha tano ni majirani na karatasi: vibali, na watu wengine wanaotegemea maji, ardhi au njia ileile.

Nguzo za gridi

*Mwezi mbaya.* Wengi hudhani gridi haina mwezi mbaya, kwa kuwa nyuma yake kuna nchi nzima. Inao, na kwa miaka mingi mwezi huo ulifanana na wa kijito cha mjomba. Mtera ina megawati 80, Kidatu 204, Kihansi 180. Mitambo hiyo mitatu ndiyo iliyobeba taifa muda mrefu, na yote inakunywa mvua inayonyesha kwetu huku. Oktoba 2015 maji yalishuka mpaka mitambo mikubwa ya maji ikazimwa. Gesi ya kusini mwa pwani ndiyo iliyoziba pengo.

Leo picha ni nyingine. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Kabla yake gridi yote ya Taifa ilikuwa na uwezo wa takriban megawati 1,900. Bwawa moja, basi, limezidi vilivyokuwepo vyote. Mtambo wa kwanza uliwashwa mwanzoni mwa 2024, wa mwisho 2025. Mapema 2024, mvua zikiwa nyingi, baadhi ya vituo vya maji vilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Kutoka kuzima kwa ukame hadi kuzima kwa neema haikupita hata miaka tisa.

Hapa lazima nitoke kidogo nje ya mada, maana watu wanaposema "nchi sasa ina umeme wa maji wa kutosha" wanasahau ramani. Tone linaloanguka Mbarali linapita mashamba ya mpunga ya Usangu, linavuka Hifadhi ya Ruaha kama mto haujakauka, linazungusha Mtera, halafu Kidatu, halafu linaingia Rufiji na kuzungusha Bwawa la Nyerere. Tone linaloanguka Mufindi linapita Kihansi, linashuka Kilombero, nalo linaishia Rufiji palepale. Ni mto mmoja wenye matawi mengi, na mvua ikigoma katika bonde hilo inagoma kwa vituo vyote. Mradi wa Ruhudji ulioko kwenye mipango huko Njombe, wa megawati 358, nao ni wa bonde hilohilo. Rumakali wa Makete, wa megawati 222, unamwaga maji Ziwa Nyasa, kwa hiyo ungesimama kwa mguu wake. Ningeulizwa uanze upi, ningeuliza kwanza mvua inaanguka upande upi wa mlima.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma wametuonyesha upande wa pili. Zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa umeme wa Zambia ulikuwa wa maji. Ukame wa 2024 ulipoikausha Kariba, watu walikaa gizani saa nyingi kila siku. Waliovuka mpaka mwaka ule wanakumbuka jenereta zikinguruma mbele ya kila duka Nakonde.

Pamoja na hayo, bwawa lina sifa moja ambayo jua na upepo hazina. Linaweka akiba. Saa moja jioni nchi nzima inapowasha taa kwa mkupuo, mlango wa maji unafunguliwa na umeme unapanda ndani ya dakika. Jua likiongezwa mchana, maji yanabaki bwawani yakisubiri jioni. Kwa nchi yetu naona hiyo ndiyo kazi hasa ya maji: kuwa tangi linalovisaidia vyanzo vingine, kuliko kuwa ng'ombe pekee anayekamuliwa asubuhi na jioni.

*Fedha.* Ukiwa kijijini na nguzo ikiwa karibu, gridi haina mshindani. Kuunganishwa ni shilingi 27,000, na anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi ana bei yake nafuu. Nguzo zikiwa mbali, hesabu inageuka. Kilomita tano za laini na transfoma ni mzigo ambao kitongoji hakiubebi peke yake. Ni wa mradi wa serikali, na mradi una foleni.

*Mzigo.* Hapa gridi inaongoza, kwa sharti moja. Waulize kama laini inayoletwa ni ya njia tatu (fezi tatu) au njia moja. Mashine ya kusaga yenye mota ya farasi 20, sawa na kilowati 15 hivi, na mashine ya kupasua mbao zinataka njia tatu. Nimeona vijiji vilivyoshangilia transfoma, kisha mwenye mashine akaendelea kununua dizeli.

*Matunzo.* Si kazi yenu. Hilo ni jema mpaka siku radi inapopiga transfoma, nanyi mko mwisho wa barabara isiyopitika masika.

*Majirani na karatasi.* Kidogo sana. Miti iliyo njiani itakatwa, na kwetu huku ambako kila mtu ana ekari ya milingoti (mikaratusi) au misindano (mipaina) hilo lina kelele zake. Mlingoti ukiangukia waya usiku wa upepo, kijiji chote kitajua ni wa nani.

*Inawafaa* walio jirani na laini, na wenye kazi nzito za mota zinazoweza kuvumilia umeme kukatika mara mojamoja. Haiwafai wanaohitaji umeme mwaka huu huku nguzo ziko kwenye karatasi tu.

Mtambo mdogo wa maji

Wahenga wamesema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kijito ambacho serikali haiwezi kukitazama mara mbili kinaweza kuwasha kitongoji kizima, na Nyanda za Juu Kusini zina ushahidi kuliko sehemu nyingi za nchi. Matembwe huko Njombe ina mtambo wake tangu miaka ya 1980. Ludewa, vijiji vya Lupande, Mawengi na Madunda viliunganisha herufi za majina yao vikapata LUMAMA, umoja wa watumiaji unaosimamia mtambo wa kilowati 300. Mufindi, Mwenga ina megawati 4, inahudumia mashamba ya chai na vijiji, na inayobaki inauzwa gridi. Uwemba, jirani na mji wa Njombe, ina mtambo wa TANESCO usiofika hata megawati moja.

*Mwezi mbaya.* Ni mwisho wa Oktoba mpaka mvua za kwanza zishike. Mtu akikuonyesha maporomoko mwezi wa Machi, katikati ya kifuku, yaani msimu wa mvua, mpongeze kwa picha nzuri, kisha mwambie mtakutana Oktoba.

Hesabu yenyewe haitaki injinia. Chukua lita za maji kwa sekunde, zidisha kwa mita za mwanguko, zidisha kwa 6. Jibu ni wati mnazoweza kutegemea kwenye mtambo mdogo. Nguvu halisi ya maji ni karibu 10 badala ya 6, ila msuguano wa bomba, gurudumu na jenereta vinakula nyingine. Lita 50 kwa mwanguko wa mita 20 ni wati 6,000, yaani kilowati 6. Zinaonekana chache. Lakini mto haulali: kilowati 6 kwa saa 24 ni uniti 144 kila siku. Shikilia namba hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye jua.

Namna ya kupima lita: kijito kidogo kielekezwe kwenye pipa la lita 200, mwenzako ahesabu sekunde. Mwanguko unapimwa kwa mpira mwembamba uliojaa maji, ule wanaotumia mafundi ujenzi kutafuta usawa, mkipanda hatua kwa hatua. Siku moja inatosha. Naambiwa ni kazi ya kizamani. Ndiyo, na imeokoa mamilioni ya shilingi za watu waliokuwa tayari kununua bomba.

*Fedha.* Karibu zote zinatoka mwanzoni: banio (kizuizi cha kukinga maji mtoni), mfereji, bomba la kushusha maji, nyumba ya mtambo, waya. Baada ya hapo hamnunui mafuta. Ila kuna mtego ambao kamati nyingi haziuoni. Maji yaliyopita saa nane usiku yamepita. Kijito hakina bwawa la kuyaweka. Mkiwasha taa saa moja hadi saa nne na mengine yote mkayaacha yaende, kila uniti mnayotumia inakuwa ghali mno, maana gharama ya ujenzi imegawanywa kwa saa tatu badala ya 24. Mitambo iliyodumu huku ni ile iliyotafutiwa kazi ya mchana tangu siku ya kwanza. Matembwe umeme ulikwenda pamoja na kutotoa vifaranga, Mwenga kuna viwanda vya chai. Kabla ya kuchanga, andikeni orodha ya kazi za saa tatu asubuhi. Orodha ikiwa tupu, fikirini tena.

*Mzigo.* Kilowati 6 haziwashi mota ya farasi 20, na hata mota ndogo inapoanza huvuta umeme mara tano au zaidi ya ule inaotumia ikishachanganya. Mkiwasha mashine, taa za kitongoji zitapepesa macho. Ila maji yana njia ambayo watu wameisahau: kinu kinaweza kufungwa mkanda moja kwa moja kwenye gurudumu, bila kupitia umeme kabisa. Mchana mnasaga kwa mkanda, jioni mkanda unahamia kwenye jenereta.

*Matunzo.* Hapa ndipo mitambo inapofia. Majani yanaziba chujio, na kuna mtu lazima aende kuyaondoa kila asubuhi, mvua au ukungu. Masika mto unaleta mchanga. Kijiji kimoja nilichofanyia kazi, fundi aliyepewa tenda alijenga banio wakati wa kiangazi, maji yakiwa safi kama ya chupa, akaona birika la kutulizia mchanga ni gharama ya bure. Masika mbili tu, meno ya gurudumu yakawa yamelika kama sabuni. Nilikuwa nimesaini kwamba kazi imekamilika, kwa hiyo lawama nusu ni yangu.

Mtunzaji alipwe. Sijaona mtambo wa maji uliodumu kwa kujitolea. Bei ya uniti iwe na sehemu inayowekwa benki kwa ajili ya beringi na mikanda, na mhasibu asiwe ndugu wa mtunzaji.

*Majirani na karatasi.* Tuwe wakweli, hapa maji yana mzigo mkubwa kuliko vyote. Kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji ya bonde lenu: Rufiji iko Iringa, Ziwa Nyasa iko Tukuyu, Ziwa Rukwa iko Mbeya. Jueni kwanza kijito chenu kinamwaga upande gani, maana watu wa Njombe hupotea hapo. Kilima kimoja kinaweza kugawa mabonde mawili. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, hivyo NEMC, baraza la mazingira la taifa, nao wana neno. Kwa EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mtambo ulio chini ya megawati moja hauhitaji leseni kamili, na ulio chini ya kilowati 100 haulazimiki kupeleka bei ya umeme kuidhinishwa. Huo ni unafuu wa kweli kwa vitongoji.

Halafu kuna vinyungu. Wanaolima mabondeni wakati wa kiangazi wanategemea maji yaleyale, mwezi uleule mbaya. Kati ya banio na nyumba ya mtambo kuna kipande cha mto kitakachobaki na maji kidogo. Kama hapo ndipo mama fulani anapomwagilia kabichi zake, mkutano wa kijiji utakuwa mrefu. Maji ya mtambo yanarudi mtoni yote, hilo liko wazi, ila yanarudi chini ya shamba lake.

Kihansi ni somo la jambo hilo kwa kipimo cha taifa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, manyunyu ya maporomoko yalipungua, na chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hayupo kwingine kokote duniani akaanza kutoweka. Alipelekwa kutunzwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, na 2012 akaanza kurudishwa kwenye korongo lake, ambamo sasa manyunyu hutengenezwa kwa mabomba. Kijito cha mjomba hakina chura wa kutangazwa duniani, lakini kanuni haibadiliki: achieni mto sehemu yake. Mimi hushauri theluthi moja ya maji ya Oktoba isiguswe.

Jingine: angalieni chanzo juu huko. Chemchemi iliyozungushiwa milingoti inapungua mwaka hadi mwaka, na mwenye milingoti hatakubali kwa urahisi kwamba miti yake ndiyo inayozima taa.

*Inawafaa* wenye kijito kisichokauka, mwanguko wa kutosha karibu na nyumba, kazi za mchana, na umoja uliokwisha kushikamana kwa jambo jingine, iwe AMCOS (ushirika wa wakulima), parokia au kikundi cha chai. Wasiofaa ni wanaogombana hata kwa bomba la maji ya kunywa.

Jua

*Mwezi mbaya.* Umeme jua una faida moja huku isiyosemwa sana: paneli hupenda baridi. Joto la paneli likipanda juu ya nyuzi 25, hupoteza kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo paneli ya Makete siku ya jua kali inaizidi ya Dodoma kwa jua lilelile. Tatizo ni mawingu. Januari hadi Machi ni mvua. Mufindi na Njombe ukungu wa Juni na Julai unaweza kukaa mpaka saa tano asubuhi, na Tukuyu mvua haina adabu hata kidogo. Anayeuza sola akikupigia hesabu ya saa tano za jua kwa siku, mwambie apige tena kwa tatu.

*Fedha.* Kwa mahitaji madogo hakuna kinachoishinda. Nyumba ya taa nne, redio na simu inapata mfumo wake bila kikao wala mchango. Tatizo linaanza mkitaka umeme wa kitongoji kizima usiku. Zikumbukeni uniti 144 za kijito. Kuzipata kwa jua kunataka paneli za kilowati 35 hivi, kwa wastani wa mwaka wa uniti nne kwa siku kwa kila kilowati moja ya paneli (mwezi mbaya zitatakiwa zaidi), pamoja na betri za kubeba usiku wote. Paneli zinadumu miaka 25. Betri za asidi na risasi zinadumu mitatu hadi mitano, na pungufu kama mnazimaliza kila usiku. Hazitakiwi kushuka chini ya nusu. Za lithiamu zinakaribia kumi na bei yake inashuka. Kwa jua, basi, deni linarudi, na kamati isiyoweka akiba itakuta siku ya kubadilisha betri mfuko hauna kitu.

*Mzigo.* Kusaga kwa jua kunawezekana mchana, mota ikiwa na kifaa cha kuianzisha taratibu, bila betri kubwa. Siku ya ukungu mtasubiri. Kwa pampu ya maji ni bora kabisa: siku ya mawingu mnatumia maji yaliyo tangini.

*Matunzo.* Kufuta vumbi, kukaza nyaya, kuzuia ng'ombe. Mvua ya mawe ya Njombe huwa naiogopa, ingawa paneli nzuri huivumilia.

*Majirani na karatasi.* Kwa nyumba moja, hakuna. Mbaya wake ni mwizi. Na betri za risasi zikifa zisitupwe kwenye kinyungu.

*Inawafaa* nyumba zilizotawanyika, zahanati inayohitaji friji ya chanjo, shule, duka, na yeyote anayetaka umeme wiki ijayo.

Vingine, kwa ufupi

Upepo upo: Mwenga wana mashine tatu za upepo Mufindi, megawati 2.4, zikisaidia mtambo wao wa maji, na Makambako upepo wake unajulikana na kila aliyesubiri basi pale usiku. Kwa kitongoji kimoja lakini, nguzo ndefu yenye mapanga juu inataka fundi asiyepatikana karibu. Biogesi ni ya kupikia. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe na Njombe waifikirie kwa jiko na waache taa kwa kingine. Jotoardhi ya Ngozi, karibu na jiji la Mbeya, ni ya taifa. Ikifanikiwa itakuwa dawa ya mwezi mbaya, maana joto la ardhini halijui Oktoba. Kenya imelionyesha kwa Olkaria.

Basi wewe uko wapi?

Nguzo ziko ndani ya kilomita moja, au kitongoji chenu kimo kwenye mradi ambao mkandarasi wake yuko eneo la kazi: subirini. Nunueni taa za sola za muda, msiwekeze kwenye mabomba.

Mnalima chai, mnapasua mbao, au mnataka chumba cha baridi cha parachichi, na mna mto wenye nguvu Oktoba: maji. Jengeni kwa viwango vya kuungana na gridi, kwa sababu siku nguzo zikifika mnaweza kuuza kinachobaki kama Mwenga wafanyavyo, badala ya kuufungia mtambo.

Nyumba zimetawanyika vilimani, kila moja umbali wa kelele: jua, kila mtu na lake. Waya wa kuziunganisha utagharimu kuliko umeme wenyewe.

Kijito chenu kinanywewa na wakulima wengi wa vinyungu: jua kwanza, au maji masika na jua kiangazi. Mchanganyiko huo napenda kuutaja kwa sababu kalenda zetu zinapeana zamu. Septemba na Oktoba, mto ukiwa hoi, anga la nyanda za juu liko wazi kama kioo. Februari, mawingu yakitanda, mto unanguruma.

Zahanati au shule: jua lenye betri hata kama gridi ipo. Mama anayejifungua saa tisa usiku hasubiri mafundi wa laini.

Hamna mtu wa kulipwa kutunza: msijenge mtambo wa maji. Rudini nyuma, mtafuteni huyo kwanza.

Na kitongoji cha mjomba? Wiki ya mwisho ya Oktoba walikwenda na pipa. Lilijaa kwa sekunde tisa, yaani lita 22 kwa sekunde. Wakiuachia mto theluthi yake, zinabaki kama 15. Mwanguko ni mita 25. Zidisha: wati 2,250, au uniti 54 kwa siku. Nyumba ni 40. Zinatosha taa, simu, redio na runinga chache, ila mota ya kuranda mbao haitaota.

Alinyamaza kidogo kwenye simu. "Kwa hiyo wazee wameshinda?"

Nikamwambia wazee wameshinda usiku, vijana bado hawana kazi ya mchana, na mwenyekiti aendelee kufuatilia nguzo, safari hii akiulizia njia tatu. Kinu cha dizeli kibaki kwanza, ila wapime kama gurudumu linaweza kukisukuma kinu kidogo kwa mkanda mchana. Akasema pipa amelirudisha kwa mwenyewe, na kwamba yule mama wa kabichi alikuja kutazama, akauliza theluthi yake itapimwa na nani.